Heroe wa Ghuba ya Lindi: je, ni mimi ninayewafukuza?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Lindi mjini, kazi yangu ni picha za harusi na pasipoti. Jumapili moja saa nne asubuhi nilikuta heroe (flamingo) kama arobaini kwenye mashamba ya chumvi nje ya mji. Nikarudi Jumapili iliyofuata saa ileile, hakuna hata mmoja. Ya tatu walikuwepo thelathini na kitu, ya nne tena hakuna, na jana wapo wachache. Wakiwepo, nikisogea tu wanaruka. Wengine ni wa kijivu. Mlinzi wa shamba anasema ni wagonjwa, na kwamba wale wa waridi wametiwa rangi na chumvi. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300. Picha zangu ama ndege anatoka mweupe pe, manyoya hayaonekani, ama anatetemeka kama yuko nyuma ya moto. Rafiki yangu ananishauri niwamwagie pumba au dagaa wanizoee, au nikodi droni, au nimpe kijana hela awakurupushe nipate picha wakiwa angani. Na jana mmoja alisimama peke yake, mguu unaning'inia. Nimewapenda sana ndege hawa na sitaki niwe sababu ya wao kuhama. Je, ni mimi ninayewafukuza?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mengi, lakini linalokusumbua ni hilo la mwisho, basi nianze nalo. Kuna mambo mawili hapa na umeyachanganya. Kuwakuta au kutowakuta, kwa namna ulivyoeleza, sidhani kama kunakuhusu. Kuruka kwao unaposogea kunakuhusu moja kwa moja, na hilo unaweza kulirekebisha.

Tazama tena ulichoniandikia: Jumapili wapo, inayofuata hawapo, inayofuata wapo, inayofuata hawapo. Huo ni mwendo wa bahari. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini. Zidisha kwa siku saba: unapata karibu saa sita, yaani tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa. Kwa hiyo wewe unayefika saa nne kila Jumapili unaikuta bahari kavu wiki hii na imejaa wiki ijayo. Bahari ikipwa, tope la ghuba linafunuka na heroe wanaondoka kwenye majaruba, yaani yale mabwawa ya kukaushia chumvi, kwenda kula huko nje, pengine mbali kiasi kwamba kwa macho matupu unaona ukanda mweupe tu ukadhani ni povu. Bahari ikijaa, tope linazama kuliko urefu wa miguu yao, na majaruba ya chumvi yanakuwa mahali pa kupumzikia na kuendelea kudonoadonoa.

Waulize wanawake wanaokwenda kuchokoa chaza na pweza. Wanajua haya kuliko sisi tunaosoma vitabu. Watakwambia kwamba wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hukauka sana karibu saa nne asubuhi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyohiyo ndiyo maji yanakuwa juu. Jumapili zako mbili tupu, bila shaka, zilikuwa za bamvua au karibu yake. Angalia tarehe zako na mwezi uone.

Naongeza jingine ili usiwe na deni moyoni. Heroe si ndege wa kukaa mahali pamoja. Huhama usiku, wakifuata maji yenye kina kinachowafaa na chakula cha kutosha. Mvua zikijaza maziwa ya bara, au zikikosekana yakakauka, makundi hutawanyika maeneo mengine, pwani ikiwemo. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuandikia kalenda ya heroe wa Lindi. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa, ukaamka siku moja na ghuba haina hata mmoja, na usiwe na kosa lolote.

Sasa hili la kuruka. Heroe mkubwa ni mzito kwa ndege wa kuruka, kilo mbili hadi nne, na hawezi kujirusha juu kutoka aliposimama. Lazima akimbie juu ya maji hatua kadhaa, mabawa yakipiga, hadi apate nguvu ya kupaa. Inamgharimu sana. Zaidi ya hapo, anapoteza muda wa kula, na muda wake wa kula umebanwa na maji yaleyale niliyoyataja. Mara moja si kitu. Kila siku, na watu kadhaa, wataacha kutumia sehemu hiyo hata kama chakula kipo.

Kabla ya kuruka, hukuonya. Kundi lililotulia lina vichwa chini majini. Unaona migongo na shingo zilizopinda. Ukianza kuwasumbua, vichwa vinainuka, kwanza kimoja pembeni, kisha viwili vitatu, kisha vyote, na shingo zinasimama wima. Sauti yao, ambayo ilikuwa mnong'ono wa chini, inapanda. Kisha wanaanza kutembea, wote upande mmoja, wakikazana na kubanana. Hapo tayari umechelewa. Alama yako iwe ile shingo ya kwanza: ukiiona imesimama, simama na wewe. Ukiona ya tatu, chuchumaa au rudi nyuma hatua chache, taratibu, usiwakazie uso. Ukisubiri kidogo utaona vichwa vinashuka tena, na hapo ndipo umbali wao wa amani ulipo. Wao ndio wanaoupanga. Siku nyingine utakuwa mrefu, siku nyingine mfupi, na kundi lenye watoto wengi wa kijivu mara nyingi huwa na tabia tofauti na lile la wakubwa watupu.

Njia ninayoipendelea mimi ni kuacha kuwafuata kabisa. Fika kabla yao, keti, bahari ikuletee. Chagua siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi na mbili au moja asubuhi, bado yana nguvu ya bamvua, na jua ndiyo linachomoza. Heroe wanasukumwa kuelekea majaruba wakati mwanga ni laini kuliko saa nyingine yoyote. Uwe umeshaketi gizani, mgongo kwenye mkoko wa mchu au kwenye rundo la chumvi, nguo za rangi ya udongo, bila kusimamasimama. Jedwali la maji la Mtwara linapatikana hata kwenye programu za simu, na Lindi haipishani nalo kwa kiasi cha kukuharibia mpango. Zungumza kwanza na mwenye shamba. Majaruba ni kazi ya watu, na matuta yake ni udongo uliojengwa kwa mikono. Ukiyakanyaga yakiwa mabichi unatoboa, maji yanavuja, na chumvi ya wiki nzima inapotea.

Rangi. Mlinzi wako ana nusu ya ukweli, na usimdharau, maana ameyatazama maji hayo kila siku. Maji ya bahari yanapohamishwa kutoka jaruba hadi jaruba na jua likiyakausha, chumvi inazidi, na yanaota viumbe vidogo sana vinavyopenda maji makali. Baadhi yake vina rangi ya familia moja na ile ya karoti, inayoitwa karotenoidi. Ndiyo inayoyafanya maji ya jaruba la mwisho wakati mwingine kuwa na wekundu. Heroe anakula viumbe hivyo, au anakula vidudu vilivyokula viumbe hivyo, na ini lake linaibadilisha rangi hiyo na kuipeleka kwenye manyoya. Kwa hiyo inaingia kupitia tumboni. Ungemlaza kwenye chumvi mwaka mzima bila chakula hicho, manyoya mapya yangeota meupe. Imeshatokea kwenye bustani za wanyama zilizowafuga bila kujua siri hiyo.

Na wa kijivu si wagonjwa, ni watoto. Kifaranga wa heroe hukua na manyoya ya kijivu na kahawia, mdomo na miguu pia imefifia, na humchukua miaka miwili hadi minne kufikia rangi ya wazazi wake. Ukiwaona wanakula, wanatembea na wenzao na wanaruka kundi linaporuka, wako salama. Tena furahi: kijivu maana yake mahali fulani walizaliana vizuri. Hawazaliwi Lindi. Heroe wadogo, yaani wa ile aina ndogo, wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa Ziwa Natron, kaskazini kabisa mwa nchi yetu, kila jozi ikitaga yai moja tu juu ya kichuguu cha tope.

Nimesema heroe wadogo kwa sababu tunao aina mbili, na ningependa ujue unampiga picha nani. Heroe mkubwa, ambaye ndiye wa kawaida zaidi kwenye tope la bahari, ana urefu wa sentimita 110 hadi 150, mwili mweupe wenye waridi hafifu, na mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Heroe mdogo ana sentimita 80 hadi 90, waridi yake imekolea, na mdomo wake ni mwekundu wa giza ambao kwa mbali unaonekana mweusi mzima. Tazama mdomo kwanza, rangi ya mwili inadanganya. Na ukiona mweupe mwenye miguu myekundu lakini mdomo wake ni bapa kama upawa, huyo ni domomwiko, si heroe.

Mdomo huo ndio unaonifanya nikukataze pumba na dagaa. Heroe hula kichwa kikiwa kimepinduliwa, sehemu ya juu ya mdomo ikiwa chini. Ulimi wake mnene unakwenda mbele na nyuma kwa kasi, unavuta maji ndani na kuyasukuma nje, na kingo za mdomo zenye vimeno kama kifumbu cha kuchujia tui zinabakiza vilivyo vidogo. Dagaa mzima si chakula chake. Pumba itaoza jarubani, itaharibu chumvi ya mwenyewe, na itawaita mbwa na kunguru, ambao heroe hawakai nao. Hawezi kukuzoea kwa chakula. Anakuzoea kwa kukuona umetulia.

Kijana wa kukurupusha, hapana. Nakwambia kwa uwazi kwa sababu najua picha hiyo inavyopendwa: mabawa yakifunguka yanaonyesha wekundu na weusi uliofichwa, na kila mtu anaitaka. Lakini wataruka wenyewe maji yakianza kupwa, na kama unajua jedwali utakuwa tayari dakika hizo. Ndege huruka akiukabili upepo, hivyo ukikaa upande upepo unakotoka watapaa kuelekea kwako. Jua na upepo havikubaliani kila siku. Ikibidi nichague kimoja, mimi nachagua kuwa na jua mgongoni na kukubali kuwapata kwa ubavu.

Droni pia ningeiacha. Kisheria unahitaji vibali, vya usalama wa anga na vya ulinzi, na kuvipata kuna mchakato wake. Lakini hata ungekuwa navyo, kwa heroe kitu kinachoelea juu ya kichwa ni tai. Tai mlasamaki huwawinda kwelikweli. Kundi zima litapaa kabla hujabonyeza chochote.

Tuje kwenye kamera, maana hapa wewe ni fundi mwenzangu na nitakuwa mfupi. Lenzi yako inatosha. Kama kamera ni ya sensa ndogo, kama zilivyo nyingi za mtumba, heroe wa mita moja na robo aliye mita mia kutoka kwako atajaza takriban robo ya kimo cha picha, na akiwa mita hamsini, nusu. Robo inatosha kabisa kama kundi, maji na mikoko ndiyo picha yako. Wapiga picha wengi wanaharibu siku wakitafuta jicho la ndege mmoja wakati kisa kizima kiko mbele yao.

Weupe pe unatokana na kamera kudanganywa na giza la nyuma. Tope na mikoko ni nyeusi, kamera inaona giza na kuongeza mwanga, ndege anaungua. Umeshaliona hili kwenye harusi: bibi harusi wa shela nyeupe mbele ya pazia jeusi. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (stop) hadi hatua moja kamili, kisha tazama grafu ya mwanga badala ya kioo, kwa sababu kioo juani hakikuambii ukweli. Ndege akiwa mbele ya maji yanayomeremeta au anga nyeupe, fanya kinyume, ongeza. Kwa anayetembea, 1/800 ya sekunde inatosha. Kwa anayeruka, 1/2000.

Kutetemeka kama nyuma ya moto hakutokani na lenzi wala mkono wako. Tope na maji ya kina kifupi yakipata jua, hewa iliyo juu yake inapata joto kwa matabaka, na kila tabaka linapinda mwanga kwa namna yake. Kati yako na ndege wa mbali kuna mamia ya mita za hewa hiyo, na umekuwa ukifika saa nne, saa ambayo imeshachemka. Lenzi ya mamilioni ingekuletea mtetemo uleule, ila mkubwa zaidi. Piga kabla ya saa mbili na nusu, au siku ya mawingu, au jioni tope likishapoa. Baada ya hapo weka kamera, chukua darubini, tazama tu. Utaona mengine: heroe mkubwa akikanyagakanyaga mahali pamoja huku akizunguka, akitibua tope kwa miguu na kula vinavyoinuka, na maji yakikauka anaacha duara kwenye tope kama alama.

Ukitaka kutanuka zaidi ya Lindi, ghuba na tope la Msimbati na Mnazi Bay huko Mtwara yana ndege wa pwani wengi sana hata siku ambayo heroe hawapo, hasa miezi ya kaskazi wakati wahamiaji kutoka kaskazini wanapokuwa kwetu. Eneo hilo lipo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, hivyo pita ofisini kwao kwanza, lipa kiingilio na ueleze unachopiga. Huko kuna mitambo ya gesi na mpaka wa Msumbiji. Usielekeze lenzi ndefu huko, na ukiulizwa jibu kwa upole na uonyeshe picha zako. Kwenye maingilio ya Ruvuma usiingie majini wala kukaa ukingoni bila mwenyeji. Kuna mamba na viboko. Kokote kule, usivuke tope usilolijua peke yako. Maji yakigeuka hujaza mikondo iliyo nyuma yako kwanza, kabla hujaona chochote mbele. Vaa viatu vinavyobana, mtafute mvuvi wa hapo akuongoze, na umlipe kwa haki.

Nimemwacha yule wa mguu unaoning'inia mwisho kwa sababu yeye anataka uchukue hatua na si kusoma. Kwanza hakikisha. Heroe mzima husimama kwa mguu mmoja saa nyingi, lakini ule mwingine huukunja juu hadi tumboni. Ukiona unaning'inia, unabembea na upepo, au kuna uzi wa nailoni umeuzunguka, huyo ameumia. Usimkimbize. Ndege wa miguu mirefu akihangaika kwa hofu, misuli yake huharibika na anaweza kufa siku chache baadaye hata kama ulimkamata kwa nia njema na ukamfungua uzi. Pia kumkamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, au ofisi iliyo karibu ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari, kwa askari wa hifadhi. Na kama siku yoyote utakuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, au wanazungusha vichwa na kushindwa kusimama, usiwaguse, usiwapeleke nyumbani kwenye kuku, na mwambie daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu mafua ya ndege huanza hivyo.

Kwa huyu wa jana, tafuta kwenye kamera yako picha moja inayoonyesha mguu, ikuze, umpelekee afisa kwenye simu. Mwambie ni jaruba la upande gani, alikuwa peke yake au na wenzake, na kama aliweza kutembea. Mpe pia saa ambayo maji yatajaa kesho, maana wakati huo ndipo atakuwa karibu na tuta, na watu wawili wanaojua kazi wanaweza kumfikia bila kuyasumbua makundi mengine.